Seneta wa Minnesota kamwandikia dada yangu kila alichopigia kura na nani wanaombolezwa. Sisi huku Tanga nani anatusomea?

Mgosi wa Pongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Wagosi wote wa Tanga mjini, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe, Handeni, Kilindi mpaka kule juu Lushoto, uzi ni mrefu kidogo naomba mnivumilie maana nina siku tatu silali vizuri kwa hili jambo.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Marekani kule Minnesota mwaka wa tisa sasa, kazi yake kulea wazee. Juzi tunaongea kwenye simu akaniuliza, hivi mbunge wenu alivyotoka Dodoma kawaambia nini? Nikamwambia dada, mimi nimemwona mara moja tu msibani, akatoa rambirambi akapanda gari. Akanyamaza kidogo alafu akanitumia barua, akasema soma hii, hii naletewa kwenye imeili na seneta wa mtaa wangu, na mimi hapa kupiga kura kwenyewe nimeanza juzijuzi.

Kabla sijaendelea tuelewane, huyu seneta sio wale 100 wa Washington mnaowasikia kwenye taarifa ya habari. Marekani majimbo yote 50 kila moja lina bunge lake na sheria zake, na karibu yote yana mabunge mawili, Nebraska peke yake ndo ina moja. Minnesota maseneta ni 67. Kwahiyo huyu ni mtu wa karibu kabisa, anahangaika na shule, barabara, bima ya afya, kodi ya pale pale.

Barua yenyewe ni ya mwisho wa Juni 2025. Nusu ya kwanza ni kazi. Anaeleza kwamba mda wa kawaida wa bunge uliisha Mei bajeti haijakamilika, maana baraza la wawakilishi lilikua limegawanyika 67 kwa 67, hakuna mwenye nguvu, ikabidi waitwe kikao maalum cha siku moja tarehe 9 Juni wapitishe bajeti ya miaka miwili, karibu dola bilioni 66. Alafu anashuka muswada mmoja mmoja, huu unafanya nini, unamgusa nani, mimi nilisema ndiyo au hapana, sababu yangu ni hii. Kuna mahali anasema wazi kwamba wengi mtanikasirikia kwa kura hii lakini ndo niliyopiga.

Nusu ya pili ndo iliyonikalia kifuani. Siku tano tu baada ya kile kikao, usiku wa kuamkia 14 Juni, mtu aliyejifanya polisi alikwenda majumbani mwa wabunge. Akampiga risasi seneta mmoja anaitwa John Hoffman na mkewe, wakapona. Akaenda kwa Melissa Hortman, aliyewahi kuwa spika wa baraza la wawakilishi pale, akamuua yeye na mumewe Mark. Gavana akaamuru bendera zishushwe nusu mlingoti, na tarehe 27 Juni mwili wa yule mama ukalazwa kwenye jengo la bunge St. Paul watu wakapanga foleni kuaga, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo Minnesota.

Sasa sikilizeni. Ile tarehe 9 Juni palikua na muswada wa kuwaondoa watu wazima wasio na vibali vya uhamiaji kwenye bima ya afya ya jimbo. Chama chake Hortman hakikuutaka, lakini bila huo bajeti isingepita na serikali ya jimbo ingefungwa. Kwenye baraza la wawakilishi ulipita kwa kura 68 kwa 65, na humo kwa upande wa chama chake ni yeye peke yake aliyesema ndiyo. Alitoa machozi alivyowaelezea waandishi wa habari. Dada yangu anasema alimkasirikia sana wiki ile, maana anawajua watu waliopoteza bima, na wiki iliyofuata akamlilia. Ameniambia, mdogo wangu, nilimlilia mtu ninayejua alifanya nini.

Hapo ndo nilipokwama. Mimi mbunge wangu akifa leo (Mungu ampe umri mrefu, simuombei baya hata kidogo) nitalia nini? Nitasema alikua mtu wa watu. Basi.

Jina la jimbo langu sitalitaja, mkoa wetu una majimbo mengi na sitaki uzi ugeuke wa kumshambulia mtu. Ninachotaka kusema ni kwamba kutoa mrejesho na kukumbuka waliokufa ni kitu kimoja, vyote viwili ni kutaja. Na sisi Tanga tumekosa vyote. Nitaendelea kwenye posti inayofuata, simu inaishiwa chaji.

Binti Msambweni

Endelea kaka tuko na wewe. Mimi hapo kwa dada yako nimetulia kwanza nikarudia kusoma mara mbili.

Dereva wa Horohoro

Mkuu hoja yako nzuri ila usifananishe. Huyo seneta wako ana watu wangapi? Jiji la Tanga peke yake sensa ya 2022 ni karibu laki nne na mbunge wa kuchaguliwa ni mmoja. Alafu tuwe wakweli, mbunge akija kijijini kwetu nani anamuuliza muswada? Tunamuuliza bati za msikiti, jezi za timu, hela ya maiti kutolewa hospitali. Akianza kusoma sheria watu wanaondoka. Nimeona kwa macho yangu.

Mgosi wa Pongwe

Dereva umesema kweli na hapo kwenye watu umenipiku, seneta wa Minnesota anabeba watu kama 85,000 tu. Na hilo la bati nalikubali, sisi wenyewe tumemfanya mbunge awe mfadhili wa misiba. Lakini tujiulize, tumelizoea hivyo kwasababu gani? Mtu asiyewahi kuonyeshwa karatasi ya kura ataombaje karatasi ya kura, ataomba bati maana bati analiona.

Mimi nimejitahidi mwenyewe. Nimeingia kwenye tovuti ya Bunge nikashusha Hansadi, yale maandishi ya kila kinachosemwa bungeni, ziko pale kwa kiswahili mtu yeyote anapakua, mabando yangu yameisha huko. Unasoma kurasa na kurasa, Mheshimiwa Spika naomba nichukue nafasi hii, Mheshimiwa Spika naunga mkono hoja, alafu Makofi. Michango mingine mizuri sana kwa kweli, kuna watu wanasoma na wanajipanga. Ila ukifika kwenye kupitisha, Spika anahoji, wanasema ndiyo, wengine wanasema siyo, anasema nadhani waliosema ndiyo wameshinda, imepita. Wewe wa Pongwe utajuaje wako alisema nini? Sauti haina jina. Siku mbunge wangu anaitwa jina lake akajibu kwa mdomo wake ni siku ya kupitisha bajeti kuu mwezi wa sita, pale katibu anapoita mmoja mmoja. Siku moja kwa mwaka.

Chukua Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ilipita Novemba 2023. Hii inaingia mpaka jikoni kwa mama yangu. Mama yangu ana sukari, kila mwezi anakwenda kliniki, nilitaka mtu aje pale kwenye uwanja wa shule aseme, nyinyi kaya ya watu sita mtalipa hivi, asiye na uwezo atasaidiwa hivi, mimi niliuliza hivi nikajibiwa hivi. Hakuja mtu. Tukaelezwa na kijana wa duka la dawa, naye alisikia redioni.

mwalimu_Korogwe

Niongezee hapo mkuu. Watu wengi hawajui mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani kwenye halmashauri yake, na Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Kwahiyo hata bila kwenda Dodoma ana mambo ya kusoma mbele ya wananchi, pesa imeingia kiasi gani, imejenga choo cha shule gani. Mimi nafundisha uraia kidato cha pili, mwaka juzi niliwaambia wanafunzi waandike barua kwa mbunge kuuliza hilo. Barua 41 tulipeleka ofisini kwake. Jibu halijaja na wale watoto sasa wako kidato cha nne.

Binti Msambweni

Mwalimu hiyo ya barua 41 imeniuma.

Mgosi wa Pongwe

Mwalimu hongera sana kwa kuwafundisha, hata bila jibu wamejifunza kuuliza.

Sasa niingie kwenye la kukumbuka maana ndo limenifanya nianzishe uzi.

Bibi yangu mzaa baba alikua mbondei wa Muheza. Alizaliwa vita ya kwanza ya wazungu imeshaanza, baba yake hakumwona. Alichukuliwa kubeba mizigo. Bibi alikua akisema "alikwenda na wazungu", mpaka anafariki hakujua ni wazungu wa upande gani. Hakurudi, hakuna kaburi, hakuna siku. Kila mwaka tukisoma hitima ya wazee wa ukoo bibi alikua anataja jina lake mwisho kwa sauti ndogo, kama anaogopa kumsumbua.

Mnajua vita ilianzaje hapa. Mapema Novemba 1914 Waingereza walileta meli na askari kama 8,000 wengi wao Wahindi wakashukia upande wa Raskazone, wakapigwa vibaya na jeshi la wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lililokua na watu kama 1,000 tu, askari wengi wakiwa waafrika wenzetu, na nyuki nao wakaingia kwenye mapigano mpaka wengine wanaviita vita vya nyuki. Hiyo hadithi ya nyuki kila mtu anaijua. Miaka minne iliyofuata ndo haisimuliwi. Majeshi yalizunguka nchi nzima mpaka kusini kabisa, malori yanakwama, wanyama wanakufa kwa mbung'o, basi mzigo wote ukawa juu ya kichwa cha mtu. Kariakoo ya Dar imepata jina kwa kambi ya hao wabebaji, kariakoo ni Carrier Corps ya kizungu, yaani kikosi cha wabebaji, imetamkwa na wazee wetu. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, nimonia, njaa.

Ukienda kwenye makaburi ya vita hapa mjini utakuta majina, vyeo, tarehe kwenye mawe. Mimi siwaonei wivu wafu, kila mtu ana mama yake. Ila wa kwetu wako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Wenyewe wamekiri na kuomba radhi. Baba yake bibi yangu huenda yuko humo ndani ya hiyo hesabu, kama aliwabebea Waingereza.

Kitope cha Jasini

Mgosi umenigusa. Sisi wa huku Mkinga mpakani vita vya Januari 1915 vilipiganwa kwenye mashamba yetu Jasini. Mpaka leo wazee wanaonyesha mahali. Babu alikua akisema usiku walikua wanasikia watu wanaita maji kwa lugha wasiyoijua. Watoto wangu hawajui hata kama palipiganwa, kitabu cha shule kinasema mstari mmoja.

Kijana wa Mto Pangani

Mkisema kumbukumbu na Pangani msiisahau. Hapa ndo wenyeji waliinuka 1888 kampuni ya wajerumani ilipotaka kupandisha bendera yake na kutoza ushuru, na hapa ndo Abushiri bin Salim aliyewaongoza alinyongwa Desemba 1889. Songea wana makumbusho ya Majimaji, kila Februari wanawakumbuka walionyongwa 1906, na rais wa Ujerumani Steinmeier alikwenda pale Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya ukoo wa Songea Mbano, chifu wa Wangoni aliyenyongwa. Wahehe walirudishiwa fuvu la Mkwawa 1954. Sisi tumefanyiwa nini? Watalii wanapita kwenda kisiwa cha Maziwe kuogelea.

Dereva wa Horohoro

Kijana kwa Abushiri mimi nasita. Alikua na shamba la miwa na watumwa. Babu wa mke wangu alitokea kwenye ukoo uliotumikishwa kwenye mashamba ya miwa hayo hayo ya Pangani. Tukimwekea jiwe tunaandika nini, shujaa?

Mgosi wa Pongwe

Dereva swali lako ni zito na nakushukuru umeliuliza kwa heshima. Jibu langu mimi, tuandike yote. Alipinga wajerumani, alikua na watumwa, alinyongwa hapa. Na pembeni yake tuwaandike wale waliokata miwa. Mbona Hortman dada yangu kamlilia huku akijua kura iliyomuumiza? Sio lazima uwe safi ndo utajwe.

Na hapo ndo wabunge wanaingia. Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai kila mwaka tunaiona kwenye runinga, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mshale, mzee mstaafu wa majeshi anaweka shoka. Mimi naiheshimu sana siku hiyo, ile tarumbeta ikipigwa nasimama hata niko peke yangu sebuleni. Nakumbuka wale askari wetu waliouawa Semuliki kule Kongo Desemba 2017, nakumbuka vijana waliokwenda kumwondoa Amini 1978 mpaka 1979, wengine wamelala Kaboya kule Kagera. Ila inafanyika huko, sisi tunaangalia. Sijawahi kuona mbunge wa mkoa huu akisimama siku hiyo kwenye uwanja wa kata akasema, waliotoka kwenye jimbo hili wakafa kwa ajili yetu ni hawa, fulani bin fulani, wa kijiji fulani.

Huko Minnesota dada yangu anasema Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku yao ya kuwakumbuka waliokufa vitani, kwenye mji wake mdogo wanasoma majina makaburini, na yule seneta anakuja kusikiliza, bila kuhutubia. Anasimama na watu.

Mke wa Mvuvi Tongoni

Jamani mimi sijui kuandika sana lakini nimesoma yote. Mnasahau manamba. Baba yangu aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, akapewa namba, ndo maana wakaitwa manamba. Wakifa shambani wanazikwa kule kule pembeni ya matuta, ndugu zao hawajui mpaka leo. Mkonge ndo ulijenga huu mji. Kama mnaandika majina na mimi nina la kuleta, baba alinitajia wenzie watatu waliofia shambani, wawili waha mmoja mmakonde, na namba zao anazikumbuka mpaka anakufa, majina ya baba zao ndo alikua hayajui.

Mgosi wa Pongwe

Mama yangu, asante. Nimesoma posti yako nikatoka nje kwanza.

Kitu nilichofanya ni hiki. Leo asubuhi nimepeleka barua ofisi ya mbunge wa jimbo langu, nimegongewa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Nimeomba mambo mawili tu. La kwanza, Bunge la bajeti likiisha aje kwenye uwanja wetu wa kata, hata kwa saa mbili, bila mwanamuziki na bila fulana, atusomee miswada iliyopita, alichangia nini, kwenye bajeti alipoitwa jina alijibu nini na kwanini, na hela ya Mfuko wa Jimbo imekwenda wapi. Nimeandika kwamba sisi tutakaa, hatutaomba bati siku hiyo. Dereva hapo nimekutumia wewe, samahani sikukuuliza.

La pili, tarehe 25 Julai atupe nafasi tusome majina. Sikuomba jiwe wala bajeti, jiwe litakuja. Nimesema tutakusanya wenyewe kata kwa kata, wabebaji wa vita ya kwanza, waliokwenda Burma vita ya pili, wa Kagera, wa Kongo, na sasa naongeza manamba. Daftari limeshanunuliwa, la kurasa mia mbili, lile gumu. Jina la kwanza nimeandika la baba yake bibi. Mbele yake nimeandika Muheza, alibeba mizigo, hakurudi.

Dereva wa Horohoro

Umenitumia vizuri mkuu, sina neno. Andika na ukoo wa mke wangu, jina la yule babu alilopewa shambani na lile la kwao yote mawili tunayo. Nitakupigia.

mwalimu_Korogwe

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wako tayari kuzunguka vijijini kuandika, Jumamosi tunaanza Old Korogwe na Magunga. Nitawaambia kila jina waandike na aliyelitaja, na tarehe.

Kitope cha Jasini

Mimi Jumamosi napanda gari la saa kumi na mbili nakuja nalo Tanga mjini. Kuna bibi yetu huku ana miaka tisini na kitu, ameniambia anayo majina sita ya ukoo wake, lakini hataki kuyasema kwenye simu, anataka nikae chini nimwandikie mbele yake.